Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya wa Haut-Katanga: wafundisheni walezi wa wazee kupima sukari

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa jimbo wanaosimamia Afya na Mambo ya Jamii,
Kwa Mkuu wa Division Provinciale de la Santé (ofisi ya afya ya jimbo) na Madaktari Wakuu wa zone za afya (wilaya za afya) za Lubumbashi,
Kwa mapadri, masista, wachungaji na wote wanaoongoza nyumba za wazee katika mji wetu,

Waheshimiwa, wababa na wamama,

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya hapa Lubumbashi. Kazi yangu inanifikisha mara kwa mara katika nyumba wanamokaa wazee wasio na mtu wa kuwatunza, na wazee haohao ndio wanaoletwa kwetu usiku, wamefungwa kitenge, wameshikiliwa juu ya pikipiki kati ya watu wawili. Ninaandika juu ya jambo ambalo liko mikononi mwenu, tena halihitaji fedha nyingi. Walezi wanaokaa na wazee hawa mchana na usiku hawajui kupima sukari ya damu, na wachache wanaojua hawana ruhusa. Naomba wafundishwe, na ruhusa hiyo wapewe kwa maandishi.

Mtu akisikia habari ya ugonjwa wa sukari, anawaza sukari iliyopanda: kiu, mikojo ya kila saa, kidonda cha mguu kisichopona, macho yanayofifia. Ni kweli, na wazee wetu wanayo hayo. Lakini sukari iliyopanda mara nyingi inaacha siku kadhaa, hata majuma, za kutafuta msaada. Iliyoshuka haiachi nafasi hiyo. Ubongo unaishi kwa sukari ya damu. Ikiwa chini ya 70 mg/dL (miligramu za sukari katika desilita moja ya damu, kipimo cha namba zote za barua hii) mwili unaanza kulalamika, ikifika chini ya 54 akili inavurugika, na ikizidi kushuka mtu anapata degedege, anazimia, anaweza kufa. Yote hayo yanatosha kutokea kati ya sahani ya jioni ambayo mzee hakuimaliza na mapambazuko.

Tazameni siku inavyokwenda katika nyumba hizi. Asubuhi mzee anapewa kidonge chake na chai. Kinachofuata kinategemea gunia la unga lililoletwa na parokia, makala (makaa) yaliyobaki, na mbabula (jiko la makaa) moja inayobeba sufuria ya watu wote. Bukari (ugali) inaweza kuiva saa saba, inaweza kuiva saa kumi. Kidonge hakiingojei. Kimeshaingia tumboni na kinafanya kazi yake ya kushusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo.

Kidonge chenyewe mara nyingi ni glibenklamidi, maana bei yake ni nafuu na kila mtu amekizoea. Hapa naomba madaktari wanisikilize kwa subira, maana wanajua kuliko mimi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa mtu aliyepita miaka 60, na mahali pake inaweka gliklazidi. Sababu inaeleweka: figo za mzee zinachelewa kuitoa dawa hiyo mwilini, kwa hiyo inaendelea kushusha sukari hata baada ya siku kwisha. Ukimpa mzee sukari akaamka, ukafurahi ukaenda kulala, saa chache baadaye anaweza kuzama tena. Hata hivyo wazee wa miaka 75 na 80 wanaendelea kumeza glibenklamidi kwa karatasi ya daktari iliyoandikwa zamani, ambayo hakuna aliyerudi kuitazama.

Mwaka jana nilipokea baba mmoja, fundi wa reli wa zamani, kutoka katika mojawapo ya nyumba hizi ambayo sitaitaja. Alifika saa tano za usiku. Kipimo kilionyesha 31. Tulimwekea glukosi kwenye mshipa, akafungua macho, lakini maneno yake hayakurudi sawasawa hadi leo. Mama mlezi aliyemsindikiza aliniambia, "Dada, tangu saa kumi niliona huyu si yeye." Alikuwa amemwona akivaa shati kinyumenyume, akitukana watu, yeye ambaye hakuwahi kutukana mtu. Alimwambia mkubwa wa nyumba. Akajibiwa kwamba ni homa, kesho atapelekwa. Kati ya saa kumi jioni na saa tano usiku ni saa saba. Katika hizo saa saba, macho ya kuona ugonjwa yalikuwepo, sukari ya kumpa ilikuwepo jikoni. Kilichokosekana ni kifaa cha kuthibitisha, na haki ya mama huyo kuaminiwa.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Daktari anamwona mzee mara moja kwa miezi, mimi muuguzi namwona mara moja kwa juma nikijaliwa. Mlezi anamwosha, anamlisha, anajua anavyotembea na anavyosema. Mzee sukari yake ikishuka, mara nyingi hatetemeki wala hatoki jasho kama kijana. Anachanganyikiwa, ananyamaza, anaanguka, anakataa kula, anakuwa mkali. Nani atalitambua badiliko hilo isipokuwa yule anayemjua?

Na katika mji wetu mzee anayeropoka hupewa maelezo ya haraka. Wengine watasema ni uzee. Wengine watasema malaria imepanda kichwani, watampa kinini. Sasa kinini yenyewe inalichochea kongosho kutoa insulini, homoni ya kushusha sukari, na hivyo inaishusha, na malaria kali nayo inaishusha, kwa hiyo mzee aliyekuwa ukingoni anasukumwa ndani. Wengine tena, tusifichane, watasema ni uchawi, kwamba mzee ameanza kujifunua. Nimewaona wazee wakiogopwa na wenzao wa chumba kimoja kwa sababu ya maneno waliyoyasema sukari ikiwa chini. Tone moja la damu na sekunde chache za kungoja zingemaliza mabishano yote hayo, na kumwachia mzee heshima yake.

Najua jibu ambalo baadhi yenu mmeshalitayarisha: kutoboa ngozi ni kazi ya muuguzi mwenye diploma. Naiheshimu diploma, niliisotea. Lakini angalieni tunachokubali tayari. Katika nchi hii hii ya Kongo, relais wa jamii (wahudumu wa afya wa vijijini wasio wauguzi) waliofundishwa wanatoboa kidole cha mtoto kijijini, wanapima malaria kwa kipimo cha haraka na kutoa dawa, kwa idhini ya wizara. Mama mwenye mtoto wa miaka saba anayeishi kwa insulini tunamfundisha sisi wenyewe hospitalini kumpima mwanawe na hata kumchoma sindano, kisha tunamruhusu arudi kwake mtaani, Katuba au Kampemba, peke yake. Hatumwombi diploma. Basi kwa nini mama mlezi, ambaye ana wazee kumi na wawili mikononi mwake, akatazwe kile ambacho mzazi anaruhusiwa?

Mafunzo ninayoyaomba hayamgeuzi mlezi kuwa muuguzi. Siku tatu zinatosha kwa mwanzo, na baada ya miezi michache muuguzi arudi kuwaangalia wakifanya. Yasiwe mafunzo ya kukaa kwenye kiti na kutazama ubao. Nimeshaona semina za namna hiyo, watu wanarudi na kalamu na kofia, mikono yao haijagusa kitu. Kila mlezi ajitoboe kidole chake mwenyewe kwanza, asome namba yake, aione hofu ikipita.

Kuna mambo madogo ambayo yasipofundishwa kipimo kinadanganya. Mikono ya mzee ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe. Msimu ambao maembe yanajaa sokoni, kidole chenye utomvu wa embe kitaonyesha sukari ya juu ambayo haimo katika damu, na mtu akiongezewa dawa kwa sababu ya namba hiyo anaweza kupotea. Kidole kitobolewe pembeni, si katikati ya ncha, maana pembeni maumivu ni kidogo na mzee bado anahitaji ncha za vidole vyake kushikia kikombe. Juni na Julai, baridi yetu ikishika, damu haitoki kirahisi, kwa hiyo mikono ipashwe kwanza katika maji ya vuguvugu badala ya kukikamua kidole kwa nguvu. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe mara tu kijiti kinapotolewa, lisiachwe wazi karibu na mvuke wa jikoni, na tarehe iliyoandikwa juu yake isomwe.

Kuna jambo jingine ambalo si dogo, na nalisema kwa mkazo wote nilio nao: sindano ya kutobolea ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha inatupwa katika chombo kigumu chenye mfuniko. Hata ile kalamu inayoirusha sindano isipite kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine, na mashine ipanguswe kwa dawa kila baada ya mtu. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, mwaka 2010, katika nyumba moja ya kutunzia watu, vifaa vya kupimia sukari vilitumiwa kwa watu zaidi ya mmoja. Wakaaji wanane walipata homa ya ini aina ya B, na sita kati yao wakafa. Nchi ile haina upungufu wa sindano. Ilikosekana elimu na usimamizi. Kwa hiyo tukigawa mashine bila kufundisha, tutakuwa tumepeleka ugonjwa mwingine katika nyumba zilezile tulizotaka kuzisaidia. Anayefikiria kuwafurahisha wazee kwa kuwaletea katoni ya mashine siku ya sikukuu na kupiga picha, namsihi aanze na mafunzo.

Kisha namba ikishapatikana, mlezi afanye nini? Hapa ndipo mipango mingi inapokufa. Mlezi anaandika 58 katika daftari kwa mwandiko mzuri, anafunga daftari, anaendelea kufagia. Kila nyumba inahitaji karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili, yenye maagizo ya daktari. Chama cha Kisukari cha Marekani kina mwongozo kwa ajili ya nyumba za namna hii, na unaweza kutumika hapa bila kubadilishwa sana. Sukari chini ya 70: mpe sukari, mpigie daktari papo hapo. Kati ya 70 na 100: mjulishe daktari mapema, huenda dawa imezidi. Ikipita 250 kila unapopima ndani ya siku nzima, ikipita 300 siku mbili mfululizo, mashine ikikataa kutoa namba kwa sababu sukari imezidi uwezo wake, au mzee akitapika na kukataa chakula: mpigie daktari haraka, usingoje zamu ya kesho.

Na kumpa sukari kunafundishwa pia. Mzee akiwa macho na anameza, vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, au nusu glasi ya sukre (soda) ya kawaida yenye sukari. Mngoje dakika 15, mpime tena. Bado chini ya 70, rudia. Ikishapanda, mpe chakula cha kushika tumbo, na kama alimeza glibenklamidi apelekwe hospitali, maana itashuka tena. Mzee aliyezimia asitiwe kitu mdomoni hata kidogo, kitaingia kwenye mapafu. Alazwe ubavu, apelekwe. Nimepokea mzee mwenye chai mapafuni. Waliomnywesha walimpenda.

Upande wa pili, walezi waelezwe kwamba hatuwatafutii wazee namba za vijana. Mwongozo huohuo wa Marekani unakubali kwamba kwa mzee dhaifu mwenye magonjwa mengi, asubuhi kabla ya kula kuwa kati ya 100 na 180 kunatosha, na wakati wa kulala kati ya 110 na 200. Nimekuta nyumba ambamo mzee wa miaka 82 alinyimwa bukari kwa sababu kipimo kilionyesha 170. Huo ni ukatili uliofanywa kwa nia njema, na mafunzo ndiyo yatakayouondoa.

Gharama, najua, mtaiuliza. Mashine yenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni vijiti, kwa sababu kila aina ya mashine inakubali vijiti vyake tu. Nyumba moja inapewa mashine na mgeni kutoka Ulaya, nyingine inapewa na kanisa, na baada ya mwezi vijiti vimekwisha, vya aina ile havipatikani mjini, mashine inawekwa kabatini. Chagueni aina moja kwa nyumba zote, ambayo vijiti vyake vinaingia Lubumbashi bila kukatika, mnunue kwa pamoja, mvigawe kupitia zone za afya kama mnavyogawa vipimo vya malaria. Wala si kila mkaaji apimwe kila siku. Anayetumia kidonge cha sukari cha metformini peke yake, anakula vizuri na hana homa, hahitaji kutobolewa kila asubuhi. Vijiti viwe kwanza kwa anayetumia insulini, anayemeza glibenklamidi au ndugu zake, anayeumwa, aliyekosa chakula, na yule ambaye mlezi anasema "leo si yeye". Hilo la mwisho liandikwe katika maagizo kama sababu kamili ya kupima. Mlezi asilazimike kumwomba mtu ruhusa.

Wenye kutumia insulini ni wachache katika nyumba ninazozijua, lakini kwao hatari ni kubwa zaidi. Chupa isiyofunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na sote tunajua umeme wa SNEL unavyokatika. Chupa iliyofunguliwa inavumilia takriban majuma manne nje ya friji, mahali penye kivuli na ubaridi, na chungu cha udongo chenye maji kinasaidia sana katika joto la Oktoba. Tarehe ya kufungua iandikwe juu ya chupa. Kupima kabla ya kuchoma sindano kuwe sharti, na kama chakula hakijawa tayari, sindano ya insulini inayochomwa kwa ajili ya mlo ingoje mlo huo. Hayo nayo ni mambo ya kufundishwa kwa nusu siku.

Waheshimiwa, Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye umri mkubwa haki ya hatua maalumu za kuwalinda kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya roho. Ugonjwa wa sukari si wa wachache tena. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika ya kusini mwa Sahara ina watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajui. Wako wazee katika nyumba hizi ambao hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hawa ndio waliochimba na kuyeyusha shaba, walioendesha treni za kwenda Sakania, waliotufundisha kusoma. Wengine wana watoto walioko mbali, wengine wamewazika watoto wao wote. Hawana wa kuwapigia makofi ofisini kwenu. Ndiyo maana naandika.

Ninayoyaomba ni haya. Wizara ya Afya ya jimbo itoe barua yenye mhuri inayowaruhusu walezi waliofundishwa kupima sukari katika nyumba za wazee, na inayowakinga wasilaumiwe wanapofuata maagizo ya ukutani. Kila Daktari Mkuu wa zone ataje muuguzi mmoja wa kufundisha na namba moja ya simu inayojibiwa usiku. Madaktari wapite katika nyumba hizo na kuzitazama upya dawa za kila mzee aliyepita miaka 60, wakianza na glibenklamidi. Vijiti na sindano viwekwe katika bajeti, visitegemee huruma ya wageni. Nanyi mnaoongoza nyumba, mapadri, masista, wachungaji, jambo moja linawahusu ninyi peke yenu na halingoji barua ya mtu: kidonge cha sukari kitolewe wakati sahani iko mezani, kamwe kisitangulie. Hilo mnaweza kuanza kesho asubuhi.

Kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, watu wanapimwa bure na hotuba zinasomwa. Mwaka huu naomba magari ya siku hiyo yaelekee kwenye nyumba za wazee, na walezi wakifika tarehe hiyo wawe tayari wamepata mafunzo yao. Mimi na wauguzi wenzangu kadhaa tuko tayari kufundisha siku za Jumamosi bila malipo. Chumba cha mafunzo tunaweza kukipata parokiani. Barua yenye mhuri hatuwezi kuiandika sisi.

Kwa heshima na kwa matumaini,

Muuguzi wa kituo cha afya, Lubumbashi